Kiingereza tupu au Kiswahili kwanza? Njia za kufundisha darasa mchanganyiko, kutoka Kigoma

Kila Januari, walimu wapya wakishapangiwa vituo vya huku kwetu, simu yangu huanza kuita. Swali huwa ni lilelile: "Dada, nusu ya darasa hawanielewi, nifanyeje?" Nimekuwa nikilijibu vipande vipande, leo kwa ujumbe, kesho kwa simu ya dakika mbili salio likiisha. Safari hii nimeamua kuziweka njia zote ninazozijua kando kwa kando, niseme kila moja inafaa wapi na inavunjika wapi, ili mwalimu achague kwa kuliangalia darasa alilonalo, si kwa kufuata semina iliyopita.

Kwanza darasa lenyewe. Mkondo mmoja wa Kidato cha Pili niliowahi kuufundisha Biolojia, hapa Kigoma mjini, ulikuwa na wanafunzi 74. Watoto wa Kibirizi na Ujiji wamekulia kwenye Kiswahili tangu wakinyonya. Waliotoka Buhigwe na Kasulu kuja kukaa kwa shangazi au mjomba, nyumbani ni Kiha, Kiswahili wamekipatia shuleni. Wawili walitoka shule za Ingilishi midiamu. Mmoja alianza darasa la kwanza ng'ambo ya mpaka wa Manyovu, yaani Burundi, akajifunza kusoma kwa Kirundi na Kifaransa. Mmoja mwenye ualbino haoni ubao hata akikaa dawati la mbele. Na wapo kama kumi na tano waliofika hapo wakiweza kutamka maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa, ila maana hawaijui. Wote hao, mwisho wa mwaka, wanakaa kwenye Upimaji wa Kitaifa uleule, maswali yaleyale, kwa Kiingereza.

Tumefikaje hapa, kila mwalimu anajua. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Tume ya Makweta, ya serikali kuhusu elimu, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike hadi sekondari. Serikali haikukubali, na mpaka leo mtoto anavuka mto huo Januari moja, mara nyingi baada ya majuma machache tu ya kunolewa Kiingereza mwanzoni mwa Kidato cha Kwanza. Jim Cummins, mtafiti wa Canada, alitenganisha mwaka 1979 Kiingereza cha maongezi na Kiingereza cha kujifunzia. Cha maongezi mtoto hukipata kwa miaka miwili hivi akiishi katikati ya wanaokisema. Cha kujifunzia, yaani cha kueleza sababu, kulinganisha na kuhitimisha, humchukua miaka mitano au zaidi. Na hao aliowazungumzia walikuwa wakikisikia Kiingereza barabarani, dukani na kwenye televisheni. Wetu wanakisikia kutoka kwetu tu. Ukiliweka hilo kichwani, utaacha kumwita mtoto mzito.

Kiingereza tupu

Hii ndiyo inayopendwa na wazazi na wakuu wa shule wengi: mwalimu aingie na Kiingereza, atoke na Kiingereza. Hoja yao ina uzito. Mtoto huyu hasikii Kiingereza nyumbani, wala sokoni Mwanga, wala kwenye mwalo. Asipokisikia darasani atakisikia wapi?

Kwa somo la Kiingereza lenyewe naikubali kwa mikono miwili, hasa darasa la chini. Salamu, amri za darasani, wimbo, hadithi fupi yenye picha: hapo tafsiri inaharibu. Mwalimu akisema "stand up" huku akisimama, "touch your nose" huku akijigusa pua, mtoto wa Kiha, wa Kiswahili na wa Kirundi wote wanaelewa sekunde ileile, kwa sababu mwili ndio unaotafsiri. Inafaa pia kwa darasa dogo, watoto thelathini au arobaini, ambapo mwalimu anaweza kuona uso uliopotea.

Inavunjika kwenye masomo mengine. Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha osmosisi, yaani maji yanavyopenya utando wa seli, kwa Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilijiandaa, nikachora seli ubaoni, nikaeleza taratibu. Nikauliza kama wameelewa, wakajibu kwa sauti moja, "Yes, madam." Nilipokusanya madaftari nikakuta maana ya osmosisi imenakiliwa kutoka ubaoni koma kwa koma, daftari baada ya daftari. Swali la mwisho liliuliza kwa nini kipande cha kiazi kimelegea kwenye maji ya chumvi. Waliojaribu kulijibu walikuwa sita. Wengine waliandika tena ile maana.

Kuna tawi la njia hii ambalo silikubali kabisa: kumvisha kibao shingoni anayekutwa akiongea Kiswahili, au kumchapa. Katika shule moja niliyopita, mvulana aliyevaa kibao hicho wiki mbili mfululizo alinyamaza muhula mzima. Hakuongea Kiswahili, lakini Kiingereza pia hakuongea. Lugha hujifunzwa kwa kuitumia vibaya kwanza, na mtoto anayeogopa hataitumia hata vibaya.

Kiswahili kama daraja

Mwaka uliofuata niliirudia mada ileile na mkondo mwingine, ule wa wanafunzi 74. Nikaja na viazi viwili, chumvi ya mafungu na vikombe viwili vya plastiki. Vipande vimekaa kwenye vikombe tangu asubuhi, kimoja maji matupu, kingine maji ya chumvi kali. Nikavipitisha mkononi mwao, dawati kwa dawati, kila mtu abonyeze. Kimoja kigumu, kingine kimelegea kama kiatu kilicholowa. Kisha nikasema: mwambie jirani yako kilichotokea na unafikiri ni kwa nini, kwa Kiswahili, au kwa Kiha kama ndicho kinachokuja upesi. Dakika tatu.

Darasa liliwaka. Binti mmoja wa dawati la tatu, ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake, akanyoosha mkono. "Madam, hata mgebuka ukiutia chumvi unatoa maji. Mama huweka beseni chini."

Nikaandika maneno yake ubaoni kama alivyoyasema. Chini yake nikaandika: "Water moves out of the fish because of the salt." Tukaisoma pamoja. Kisha tukaisahihisha sayansi yake, maana chumvi haivuti kama sumaku: maji hutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi, yakipita kwenye utando unaoyaruhusu yenyewe na kuizuia chumvi. Ndipo nikaweka sentensi yenye mapengo, "Water moves from ... to ... because ...", kila jozi ikaijaza kwa kiazi, kisha kwa samaki, kwa mdomo kwanza, halafu daftarini. Yule kijana aliyesoma ng'ambo akaninong'oneza kwamba neno osmosisi analijua, Kifaransa nacho kinakaribia kulitamka hivyohivyo. Alikuwa amebeba nusu ya msamiati wa Biolojia kichwani, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Swali la mwisho lilikuwa lilelile la mwaka uliopita. Safari hii zaidi ya nusu ya darasa waliandika sababu yao wenyewe, kwa Kiingereza kilichopinda hapa na pale, lakini sababu.

Njia hii siyo uvivu wa walimu wa Kigoma. Huko Wales, mwalimu na mtafiti Cen Williams aliieleza miaka ya 1990: mwanafunzi asome au asikie kwa lugha moja, atoe kwa nyingine, na kila lugha ipewe kazi yake kwa makusudi. Neno la kushika ni makusudi. Kuchanganya holela ni kitu kingine kabisa. Mwalimu anayesema sentensi kwa Kiingereza na kuitafsiri papo hapo, sentensi baada ya sentensi, anawafundisha watoto kuziba sikio na kusubiri Kiswahili kije. Na mwalimu anayeanza kwa Kiswahili asirudi tena kwenye Kiingereza anawapeleka kwenye mtihani mikono mitupu, kwa sababu jibu sahihi la Biolojia lililoandikwa kwa Kiswahili halimpatii mtoto alama. Sheria yangu ni fupi: Kiswahili ni cha kufikiria, Kiingereza ni cha kuripoti, na kipindi hakiishi kabla hawajaripoti.

Gharama yake niiseme wazi. Inakula muda. Mada niliyoimaliza kwa kipindi kimoja cha dakika 40 ilichukua viwili, na mwalimu wa taaluma atakuuliza mbona azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, liko nyuma. Mimi huchagua mada chache nzito kwa muhula za kufundisha hivi. Orodha za majina, kama sehemu za ua au mifupa ya mkono, nazipitisha kwa picha na mazoezi ya kawaida.

Makundi ya viwango, au makundi mchanganyiko?

Hapa ndipo walimu wengi wanapobishana kwenye Jumuiya za Kujifunza za MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), na mara nyingi wanabishana bure, maana njia hizi mbili zina kazi mbili.

Kuwagawa kwa viwango kuna maana kwenye jambo moja, kusoma. Shirika la Pratham la India lilionyesha kwamba ukiacha kuangalia darasa la mtoto, ukamweka na wenzake wa kiwango chake cha kusoma kwa saa moja au mbili kwa siku, anaruka haraka. Jaribio lake ni rahisi, na sisi tunaweza kulifanya kwa Kiingereza: herufi, maneno, aya fupi, hadithi. Mwite mtoto mmoja mmoja chini ya mwembe, dakika mbili au tatu kila mmoja. Darasa la 74 unalimaliza kwa wiki moja ukitumia muda wa baada ya vipindi. Wale kumi na tano wangu waliotamka bila kuelewa niliwagundua hivyo. Ubaoni walikuwa hawaonekani, maana wanasoma kwa sauti nzuri. Nilipomuuliza mmoja aliyesoma aya nzima bila kukwama, "Nani alikwenda mtoni?", akaniangalia tu.

Lakini kundi la viwango likiwa la kudumu linageuka kovu. Ukiliita Simba au Twiga, watoto wanajua siku ileile lipi ni la wanaoshindwa, na wenyewe wanaanza kuishi kwa jina hilo. Kwa hiyo: kwa kusoma tu, wiki sita, upime tena, uvunje.

Kwa masomo mengine naenda na mchanganyiko. Njia inayosifiwa zaidi kwenye semina ni ya kugawana vipande: kila mwanakikundi anapewa kipande cha mada, anakisoma na wenzake wenye kipande hichohicho, kisha anarudi kuwafundisha kundi lake. Elliot Aronson aliianzisha mwaka 1971 kule Austin, Texas, shule zilipoanza kuchanganya watoto weupe, weusi na wa Kilatino, na mmoja wa watoto aliowaeleza ni kijana ambaye Kiingereza kilikuwa lugha yake ya pili. Wenzake walipogundua kwamba bila kipande chake hawapati jibu, wakaacha kumcheka na kuanza kumuuliza vizuri. Hiyo ndiyo roho ya njia hii, nami naipenda.

Ila kwenye chumba chenye watoto 74, madawati ya watu watatu watatu yaliyobanana hadi ukutani, kuhama kundi hadi kundi mara mbili kulinila dakika ishirini. Nimeifanikisha mara mbili tu, zote nje, chini ya miti. Ndani ya darasa la namna hiyo chagua fikiri, jadili na jirani, shirikisha darasa, ambayo Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland aliieleza mwaka 1981. Hakuna anayehama. Dawati ndilo kundi. Kazi yako ni kupanga nani anakaa na nani: mwenye Kiingereza kizuri asikae na aliye chini kabisa, kwa sababu atamjibia kila kitu. Mweke na wa katikati, na wa katikati umweke na wa chini.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niegemee mchanganyiko, nayo ni mahudhurio. Hapa Ziwa Tanganyika wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao. Siku za mbalamwezi hawatoki. Angalia rejesta yako utaona: mbalamwezi ikiwa kubwa madawati hujaa, giza likirudi wavulana kadhaa wanapotea au wanasinzia. Tabora ni tumbaku. Urambo na Kaliua, majani yakianza kuchumwa na mabani ya kuyakaushia kuwashwa, mtoto anahitajika nyumbani. Anayerudi baada ya siku nne hana kundi la kiwango litakalomsubiri, lakini dawatini kwake kuna mwenzake aliyezoea kumweleza.

Kusahihisha papo hapo, au kusubiri

Hili nalipitia haraka. Mtoto akisimama kujibu na kusema "the water it go", ukimkatiza atakaa na kunyamaza. Mpe nafasi amalize, kisha urudie jibu lake kwa usahihi kama unayekubaliana naye: "Yes, the water goes out." Kwenye daftari chagua kosa la aina moja kwa wiki, na usimwage wino mwekundu ukurasa mzima. R na L zinawasumbua watoto wengi wa Kigoma na Tabora. Hizo zipe dakika tano za mazoezi ya mdomo, darasa zima, bila kumtaja mtu. Mimi husahihisha kila kitu kwenye zoezi moja tu: majibu ya mtihani uliopita yanayorudiwa kwa maandalizi ya mtihani ujao.

Asiyeona vizuri, asiyesikia vizuri

Yule mwenye ualbino alikuwa ameandikwa kuwa dhaifu katika masomo yote. Tatizo lake lilikuwa macho. Watoto wenye ualbino wengi huona kwa shida, mwanga mkali huwaumiza, na miwani huwasaidia sehemu tu. Nilikuwa nimemweka mbele kabisa nikidhani nimemaliza kazi, kumbe dawati lile liko kando ya dirisha la mashariki na asubuhi alikuwa akikunja macho vipindi vitatu. Tulimhamisha upande wa kivuli. Nikaanza kusoma kwa sauti kila ninachoandika ubaoni, jambo ambalo, kwa mshangao wangu, liliwasaidia wengine pia, maana walisikia neno na kuliona kwa pamoja. Kurasa za kitabu nilizipiga picha kwa kishikwambi nilichogawiwa na serikali, akazikuza kwa vidole viwili. Na mwambie mkuu wa shule mapema: Baraza la Mitihani hutoa karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada, lakini lazima mtoto awe amesajiliwa kwa hali hiyo.

Kwa asiyesikia vizuri, usiongee ukiwa umegeukia ubao. Kama ni kiziwi anayetumia Lugha ya Alama ya Tanzania, kumbuka hiyo ndiyo lugha yake ya kwanza, na Kiingereza kwake huja baada ya Kiswahili cha maandishi. Picha, maneno muhimu yaliyoandikwa kabla ya kipindi, na jirani mwenye mwandiko unaosomeka vitamfaa kuliko kuongeza sauti.

Basi uchague ipi?

Mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi mwenye watoto wadogo: Kiingereza tupu cha matendo, picha na nyimbo, na makundi ya viwango kwa kusoma tu. Mwalimu wa sayansi, Jiografia au Historia katika shule ya kata yenye mikondo iliyofurika: daraja la Kiswahili kwa mada nzito, majadiliano ya dawatini, sentensi zenye mapengo kila kipindi. Mwenye darasa la chini ya arobaini na uwanja wenye vivuli, jaribu kugawana vipande, itakulipa. Mwenye kusimamiwa na mkuu anayetaka Kiingereza tupu, mwombe aje akae nyuma kipindi kimoja cha namna hii na asome madaftari mwishoni. Wangu alikuja, na baada ya hapo hakuniuliza tena kuhusu azimio la kazi.

Kama hujui uanzie wapi, anza na mada moja tu ya wiki ijayo, na utafute kwanza kitu ambacho mtoto mnyonge kuliko wote darasani anakijua kuliko wewe. Rafiki yangu anayefundisha Sikonge, Tabora, alinipigia akitaka nimtumie mfano wangu wa mgebuka. Nikamwambia watoto wake wanafahamu nini kuhusu mgebuka? Wao wana asali. Asali iliyoiva haiozi kwa sababu sukari yake nyingi inawanyang'anya vijidudu maji yao, na hiyo ni osmosisi ileile. Jioni akanitumia picha ya ubao. Juu kulikuwa na maneno ya mtoto mmoja wa mrina asali, kwa mwandiko wa mwalimu: "Asali yenye maji inachacha, isiyo na maji haichachi." Chini yake mapengo matatu, na mkono mdogo wenye chaki ukianza kujaza la kwanza.